Mbegu za Pilipili Kutoka Mtowisa

Mwaka tuliomzika baba, baridi ya Ufipa iliua na mpilipili wake. Mbegu yake aliitoa Mtowisa, bondeni, akaipanda nyuma ya jiko alipomwoa mama, na kila mti ulipozeeka alipanda mwingine kwa mbegu zake. Ulipokauka huu wa mwisho, mama akaanza kuacha ugali sahanini. Nikimhimiza ale, ananijibu, "Mwanangu, msimu ujao mimi sipo." Maneno hayo yaliniuma sana. Nilinunua pilipili kavu soko la Sumbawanga, mama akazisia, isiote hata moja. "Unaona?" akasema. "Hata ardhi imenichoka." Basi nikafunga safari.

Alfajiri nilipanda lori la mfanyabiashara aliyekuwa akipeleka sabuni na mitumba, vitu ambavyo miaka michache nyuma tulivipata kwa kujuana. Baridi ilitung'ata mpaka ukingo wa mteremko. Hapo barabara ikaanza kujikunja juu ya mawe, sote tukang'ang'ania mbao za lori, hata bwana mmoja aliyejisifu tangu stendi.

Mchana tukafika Mtowisa. Joto lilinivua sweta kabla sijashuka vizuri. Sokoni pilipili kavu zilijaa magunia, nyekundu, zinang'aa. Muuzaji, Mama Kulwa, Msukuma ambaye watu wake walihamia huko na ng'ombe, alikuwa ananipimia kopo.

"Shikamoo, mama. Nataka za mbegu."

"Marahaba." Akazirudisha guniani. "Hizi haziwezi kuota, binti yangu. Tunazitia maji ya moto ndipo tunazianika, zikauke upesi. Wenye malori siku hizi hawana subira. Mbegu imeshaivia humo."

Kumbe mama alisia pilipili zilizopikwa! Nilicheka, kisha nikaona uchungu, nikamweleza habari zote za mama yangu.

"Twende nyumbani," alisema.

Jioni alinionyesha mpilipili wake. Tawi moja lilifungwa kitambaa chakavu.

"Hili haligusi mtu. Tunda la kwanza ni la mbegu. Ukilila, mwakani unazungukia majirani kuomba mbegu."

Alichuma yaliyoiva mpaka yakalegea, tukatoa mbegu, tukazichanganya na majivu. Nikajisahau, nikajifuta jicho. Nililia mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki, na Mama Kulwa akacheka mpaka akakaa chini.

Asubuhi nilipanda mteremko na kifurushi kifuani. Nyumbani, mama alizisia kwenye kopo bovu. "Ili usininunie," alisema. Zikaota. Tangu hapo kila jioni aliliingiza kopo jikoni lisipigwe na baridi, akinung'unika kwamba nimemletea mtoto wa kulea uzeeni.

Siku tunda la kwanza lilipoiva, nilipika maharage, nikatoka mbio kulichuma nimkamulie mchuzini. Mama akanipiga kofi mkononi. Nilipotazama, tawi lilikuwa limefungwa upindo wa kanga yake.

"Baba yako hakula la kwanza hata siku moja," alisema. "Liache hilo. Ni la kupanda mwakani."

Tangu mazishi sikuwa nimemsikia akitamka neno "mwakani". Nikarudisha mkono, nikaenda kumpakulia ugali.