Baba Hambebi Mjukuu Wake

Jamani, nimechoka na baba yangu. Binti yangu ana miaka minne. Kila Jumapili tukifika kwa wazazi wangu, anamkimbilia na kuinua mikono: "Babu, nibebe!" Babu anampa biskuti. Biskuti! Mtoto anaomba kubebwa, anapewa biskuti. Juzi akaniuliza, "Mama, babu hanipendi?"

Baba alikuwa bwana stoo wa gereza miaka thelathini na moja, na kamba ya kunyongea ilikaa kwenye stoo yake. Mnyongaji alitoka mbali, lakini aliyempima mfungwa ni Baba. Kisha alijaza mchanga kwenye gunia, uzito uleule, wakalining'iniza ili kamba ivutike kwanza. Ndiyo maana mtaani anaitwa Mzee Mizani. Akinyanyua chochote, mbuzi au gunia la viazi, anataja kilo na hakosei.

Na majirani nao! Zamani, siku ya kunyonga, walimvizia mlangoni. "Eti, alilia?" "Wanyongwe tu, dawa ya moto ni moto!" Mama aliwafukuza kwa ufagio. Baadaye ikawa hakuna mkubwa anayetaka kutia saini hati ya kunyonga, watu wakaacha kunyongwa. Lakini kufuta sheria, wapi! Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi Baba alipaka mafuta bawaba za ule mlango wa sakafuni aliposimamishwa wa kunyongwa, akadondosha gunia, akajaza fomu. Miaka kumi na tisa mtu mzima ananyonga gunia, mpaka akastaafu!

Wiki iliyopita sheria ikafutwa. Walewale majirani wakaja kunywa chai kwetu, wakaapa kwamba wao hawakuiafiki tangu mwanzo. Nilitamani kuwamwagia hiyo chai.

Walipoondoka nikamgeukia Baba. "Haya, yameisha. Mbebe mtoto."

"Mgongo unauma."

"Mgongo gani? Jana umembebea fundi mfuko wa saruji!"

Mama akatoka jikoni. "Mume wangu, mwambie mwanao, au nitamwambia mimi."

Baba akaitazama mikono yake. "Yule wa mwisho alikuwa na umri kama wako sasa. Miguu ilimkataa, hakuweza kupanda kwenye mizani. Nikambeba. Kilo hamsini na mbili. Nilijua kabla sijamfikisha. Lile gunia sikulipunguza wala kuliongeza tena mpaka nastaafu. Mikono hii ikishika mtu, inapima, mwanangu. Siwezi kuizuia. Sitaki impime huyu."

"Miaka minne, Baba! Si ungesema?"

"Ningesemaje?"

Nikaona haya.

Mtoto hakuwa na habari na mambo yetu. Alishafika mbele yake, mikono juu. Baba akapapasa mfukoni. Biskuti hakuna, wageni walizimaliza zote. Akamtazama Mama, akainama, akamnyanyua mjukuu wake. Midomo yake ikaanza kucheza, kama inavyocheza sokoni kabla hajataja kilo.

"Babu, mimi mzito?"

Machozi yakamtoka Mzee Mizani, ambaye hajawahi kukosea.

"Sijui, bibie," akasema. "Wallahi, sijui."