Ukurasa Tuliouandikia Sebuleni Nguvumali

Shangazi yangu alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu. Alipostaafu ndipo alipoanza kazi aliyokuwa akiitamani miaka yote: kuandika maneno ya Kimtang'ata, lahaja ya Kiswahili ya pwani yetu, aliyoyasikia kwa bibi yake, neno moja moja na maana yake. Nilimpa kompyuta yangu ya zamani nikamwekea programu huria ya kuandikia, ile ya bure inayotengenezwa na watu wanaojitolea katika nchi nyingi. Kila asubuhi alikaa nayo sebuleni kwake Nguvumali, mjini Tanga, miwani puani, daftari lake pembeni.

Siku moja umeme ulikatika akiwa katikati ya kuandika, na betri ya ile kompyuta ilishakufa zamani. Umeme uliporudi, programu ilimfungulia dirisha dogo la Kiingereza lenye vitufe viwili. Alibonyeza kimoja ili limwondokee machoni. Kurasa tatu zikapotea.

Nilipita kwake nikitoka kazini.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Njoo unioneshe nilipokosea."

Kitufe kimoja kilikuwa cha kurejesha kazi, cha pili cha kuitupa. Shangazi Kiingereza anakijua. Neno alilielewa vizuri, ila alidhani kinachotupwa ni lile dirisha lenyewe. Hakulalamika. Wiki ile alikaa akaziandika upya zile kurasa tatu kutoka kwenye daftari, lakini mimi sikutulia. Nilitafuta msaada wa Kiswahili kwenye tovuti ya programu, nikakuta ukurasa mtupu wenye mstari mmoja unaosema haujaandikwa bado na anayeweza aandike.

Mimi ni katibu muhtasi kwenye ofisi moja pale Usagara. Siku zote niliamini mambo hayo ni ya wahandisi. Nikajiandikisha hivyo hivyo.

Mara ya kwanza nilitafsiri ukurasa wa Kiingereza unaoeleza dirisha lile, sentensi kwa sentensi, nikatumia maneno yote makubwa niliyoyapata kwenye kamusi. Niliuchapa nikampelekea. Tulichomoa waya makusudi, tukauchomeka tena, nikampa karatasi na kujiahidi kwamba sitasema neno. Alikwama mstari wa kwanza.

"Kiolesura ndiyo nini?"

"Ni ile sura ya programu, unayoiona mbele yako."

"Basi si uandike hivyo."

Alivuta kalamu yake nyekundu. Karatasi iliporudi mikononi mwangu ilifanana na daftari la mwanafunzi aliyelala darasani. Nimechapa barua za mabosi kwa miaka mingi, na sikumbuki lini nilirudishiwa kazi namna ile. Iliniuma, nami nikaondoka nayo. Njiani nikaona kila alipopiga mstari ndipo hasa mtu angekwama.

Niliandika mara ya pili, kisha ya tatu. Ile ya tatu aliisoma kimya, akachomoa waya mwenyewe, akauchomeka, akarejesha kazi yake yote bila kuniuliza chochote. Nilidhani tumemaliza. Akavua miwani.

"Kuna kitu kimebaki. Umenieleza nibonyeze kipi. Hujanieleza nikibonyeza kile kingine itakuwaje."

"Hata kwenye Kiingereza hawakusema, Shangazi."

"Basi na chao kina upungufu. Waambie."

Nilikaa siku mbili sijawaambia. Nilijiuliza mimi ni nani hata niwasahihishe wenye programu yao. Siku ya tatu, saa ya chakula cha mchana, niliwaandikia wahariri wa kurasa za msaada kwa Kiingereza changu cha ofisini, nikawaeleza yaliyompata mwalimu mstaafu wa Tanga. Mama mmoja anayejitolea huko mbali alinijibu, akauliza kama nimehakikisha kwamba kazi ikitupwa hairudi. Nilijaribu mara tano. Hairudi. Nikamwandikia hivyo.

Mhariri mwingine alipinga. Alisema tukiweka maonyo mengi tutawatisha watumiaji. Nilimjibu kwamba shangazi yangu hakutishika, na ndiyo maana alibonyeza.

Wiki iliyofuata ukurasa wa Kiingereza ulibadilika. Onyo liliwekwa juu kabisa, kabla ya hatua ya kwanza: ukibonyeza kitufe cha kutupa, maandishi yako yatafutika moja kwa moja. Kisha kila nilipofungua tovuti nikawa nakuta sentensi ile imefika kwenye lugha nyingine, nyingi ambazo siwezi hata kuzitamka.

Nilimfungulia Shangazi tovuti ile aone. Tulipofika kwenye ukurasa wa Kiarabu alinizuia mkono nisipite. Akaanza kusoma herufi kwa herufi, kwa sauti ya chini, kama alivyofundishwa chuoni alikosomea Kurani utotoni. Maana aliipata nusu. Aliposhika neno moja analolijua aliweka kidole kwenye kioo.

"Hapa ndipo tulipo?"

"Ndipo hapo."

Alirudia kuusoma mstari ule tangu mwanzo. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake.

Tangu hapo nimeandika kurasa nyingine nyingi: jinsi ya kuweka jedwali, jinsi ya kuchapa pande zote mbili za karatasi, jinsi ya kubadilisha ukubwa wa herufi kwa wasioona vizuri. Karani mmoja wa Pemba alinitumia ujumbe kuniambia maneno yangu mawili kwao hayasemwi hivyo, na sasa tunaandika pamoja, tukibishana karibu kila siku. Hakuna ukurasa unaotoka kabla haujapita kwenye kalamu nyekundu ya Nguvumali.

Ofisini wenzangu wamezoea kuniita mhandisi. Wanatania, lakini mimi huitika.