Loki ya Kisu cha Baba

Baba alipata kiharusi wakati wa kuchuma kahawa, akabaki na mkono mmoja tu wa kutegemea, wa kushoto. Alipotoka hospitali hakuulizia kahawa. Aliulizia kisu chake cha kukunja.

Kilikuwa cha mtindo wa zamani, hakina loki. Springi ya mgongoni ndiyo pekee iliyoubana ubapa usilale. Ujanani, akipogoa mibuni, ubapa ulimrudia, na kidole cha shahada kimepinda mpaka leo. Nikamkataza kukishika. Akaniambia, "Basi nitafutie kisichojikunja."

Muleba, ninakofanya kazi, kuna mzee sokoni anayenoa visu na kutengeneza miavuli. Zamani alikuwa mwalimu wa ufundi. Alinitolea visu vitatu. Cha kwanza kilikuwa na pete ya kuzungusha shingoni mwa mpini ili ubapa usilale. Cha pili loki yake iliachia kwa kubonyezwa mgongoni. Cha tatu kilikuwa na bati jembamba ndani ya mpini, linaloruka lenyewe na kusimama nyuma ya ubapa.

"Warumi walikuwa tayari wanakunja visu," alisema. "Springi ilikuja baada ya karne nyingi, halafu loki za aina aina. Vidole vimekatika sana hapo katikati, mwanangu. Chukua hiki cha bati, loki yake inajifunga yenyewe."

Jumamosi nikapanda basi hadi Bukoba, nikaenda nyumbani Nyanga. Baba alikifungua kwa dole gumba, kikalia *tak*. Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Akaingia kibanjani na mkongojo, akauegemeza kwenye mgomba, akakata majani makavu ya migomba mpaka akachoka.

Kukikunja ndiko kulikotushinda. Bati lile lilipaswa kusukumwa pembeni kwa dole gumba, na limetengenezwa kwa ajili ya mkono wa kulia.

"Nipe nikukunjie, Tata," nikamwambia Baba.

"Subiri."

Alikiegemeza pajani, akalisukuma bati kwa ncha ya kidole. Lilipoachia, ubapa ulilala juu ya dole gumba lake, la mkono ule mzima. Mama alikuja mbio na kitambaa.

Nilirudi kwa yule mzee nikamuuliza kama kuna vya mkono wa kushoto.

"Duniani vipo," alisema. "Huku sijaviona." Akaitazama ile pete, akatikisa kichwa. Nayo ilitaka mikono miwili.

Baba alikataa kuachana na kisu. Akishakifungua, hukaa nacho kibarazani mpaka apite mtu wa kumkunjia. Juzi alinipigia simu nikiwa kazini.

"Mama yako yuko kanisani. Kisu kiko wazi."

"Kiweke mezani, Tata."

"Nimeshakiweka."

Kutoka Muleba nisingeweza kumkunjia. Nilikuwa namsikia akipumua, naye hakukata simu.