Kuku wa Mguu Mmoja

Kuku wa mama mdogo alikuwa na mguu mmoja, na mimi niliyetoka kusomea usanifu wa matangazo niliona Tunduma nzima haina tatizo kubwa kuliko hilo.

Mama mdogo ni mdogo wake mama, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu. Kazi yake ni mchele. Anautoa bonde la Momba, anaukoboa hapa mjini, anaufunga kwenye mifuko ya kilo tano na kuuvusha mpaka kwa wanunuzi wake Wazambia. Kila mfuko alikuwa anaugonga kuku mweusi kwa rangi na sponji. Kuku huyo alimkata mwenyewe kwa wembe kwenye filamu ya eksirei, ile ya mkono wake uliovunjika alipoteleza kwenye tope njia ya Chitete. Alianza kumkata kichwani akashuka, na alipofika miguuni filamu ikamwishia. Akasema mguu mmoja unatosha, kwani kuku mwenyewe anakwenda wapi?

Niliporudi kutoka Dar na kufungua kiduka changu cha kuchapisha mabango na lebo, yeye ndiye alikuwa mteja wangu wa kwanza. Shida yake ilikuwa ndogo. Rangi ya sponji ilikuwa inafutika mifuko ikisuguana kwenye baiskeli za kuvushia mizigo.

"Nichapie kuku wangu asifutike," alisema. "Hivyo hivyo alivyo."

Nilicheka. Nikamwambia, mama, dunia imekwenda mbele. Nikampa mhadhara mzima: kwamba macho yanahitaji nafasi ya kupumua, kwamba rangi nyeusi inatisha mtu mwenye njaa, kwamba chapa nzuri hainogi kwa makelele. Maneno hayo yote nilifundishwa na watu ambao hawajawahi kubeba mfuko wa mchele. Yeye alinisikiliza mikono mapajani, kama anavyomsikiliza mchungaji.

"Haya," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Nikamtengenezea mfuko mweupe. Katikati niliweka punje moja ya mchele ya rangi ya dhahabu, na chini yake herufi nyembamba za kijivu. Hakukuwa na kitu kingine. Nitasema ukweli, kwa kuwa siku hizi sina sababu ya kujificha: ulikuwa mzuri. Ubaya ni kwamba ulikuwa mzuri kwa ajili yangu. Kila nilipomtazama yule kuku nilijiona mimi mwenyewe chuoni, niliyechekwa kwa lafudhi ya Kinyiha na viatu vya mtumba. Aibu hiyo ya kwetu nilikuwa nimeipa jina jipya, nikaiita jicho la sanaa.

Mifuko ilipotoka kiwandani nikafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa peke yangu huwa naongea kwa sauti ili kulifukuza. Nilipiga picha mfuko wa zamani, mama mdogo ameushika mlangoni kwake, ametabasamu. Nikaiweka ubavuni mwa picha ya mfuko mpya. Juu nikaandika kwa Kiingereza, ili waelewe wale niliotaka waelewe, kwamba hapo ndipo nilipomkuta na hapo ndipo nilipomfikisha. Mwishoni nikapanga vile vikatuni vinavyotoa machozi kwa kucheka, sita kwa mstari. Nikaweka status.

Sifa zikamiminika. Wenzangu wa chuo walinipongeza, mmoja akaniuliza kama yule kuku alichorwa na kuku mwenzake. Nikacheka naye. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi maji niliyatia kwa ndoo.

Wiki iliyofuata mama mdogo akavusha mzigo wa kwanza wa mifuko mipya. Nilikwenda naye, nikitaka kuona watu wanavyoshangaa. Mnunuzi wake mkubwa, mama wa Kibemba aliyefanya naye biashara tangu mimi sijavunja ungo, aliupokea mfuko mmoja, akaugeuza mbele, akaugeuza nyuma.

"Mayo, inkoko ili kwi?" aliuliza. Mama, kuku yuko wapi?

Mama mdogo akamweleza kwamba mchele ni uleule, nguo tu ndiyo imebadilika. Yule mama akaupima mfuko mkononi. Hapa mpakani kila mtu anajua mfanyabiashara anabadilisha mfuko lini: ni pale anapochanganya mchele mzuri na chenga za mwaka jana, asitake lawama zilifuate jina lake la zamani. Mtoto wa darasa la kwanza wa Tunduma anajua. Mimi nilijua kabla sijaenda chuo, lakini nilipokuwa nachora sikukumbuka, maana sikuwa nawachorea hawa.

Mnunuzi akafungua mfuko, akatafuna punje chache. Hakusema ni mbaya, ila hakuutaka. Kisha akatoa simu, akatuonyesha picha yangu.

"Hata mwanao anamcheka inkoko," akasema kwa Kiswahili. "Sasa sisi tumwamini nani?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama mdogo aliitazama ile picha, akanitazama mimi, kisha akainama na kuanza kufunga mfuko uliofunguliwa. Wanunuzi wengine wawili nao walikataa. Tukarudi na mzigo wote, na njiani aliniuliza swali moja tu, kama nimekula.

Nilipofika nyumbani nilitafuta wa kumrushia moto. Nikamkamata mdogo wangu, binti wa mwisho wa mama mdogo. Nani mwingine angeipeleka picha ile kwa wateja? Nikamwita mmbea, nikamwambia ameivunja nyumba yetu kwa kidole. Aliapa kwa jina la Mungu kuwa si yeye. Alilia, nikamwacha analia.

Siku tatu nilijifungia nachora. Nikaamua kumrudishia mama mdogo kuku wake, ila kwa ustadi. Nikamnyoosha mgongo, nikampa jicho la kung'aa, na mguu wa pili. Nilimkuta barazani, mifuko yangu myeupe imepangwa mbele yake, sponji mkononi, anagonga kuku wa zamani juu ya ile punje yangu ya dhahabu.

Nikampa mchoro. Aliutazama kwa heshima, kama kawaida yake.

"Ni mzuri," akasema. "Ila huyu hawamjui. Njoo unishikie."

Nikapiga magoti, nikaibana filamu juu ya mfuko kwa mikono miwili. Mwanga ulipoipita niliona mifupa ya mkono wake ikizunguka umbo la kuku. Tuligonga mifuko kama kumi. Mwishowe nikashindwa kuvumilia, nikaanza kumwomba radhi. Nikamwambia ile picha sikuiweka ili iwafikie wateja, kwamba mdogo wangu ndiye...

"Mwache mdogo wako," akanikatiza. "Mimi ndiye niliyewatumia."

Sikuelewa.

"Niliiona kwenye simu, umeniweka mimi na kuku wangu. Kizungu sikukijua, lakini niliona vile vikatuni vinacheka mpaka machozi. Nikasema, leo mwanangu amefurahi, ananitangaza." Alichovya sponji kwenye kopo, akaikamua pembeni taratibu. "Nikawatumia wateja wote. Na kanisani niliwaonyesha."

Akagonga. Niliinua uso kumtazama, na filamu ikateleza chini ya sponji.

"Umetikisa," akasema.

Tulipoinua filamu, kuku alikuwa ametoka na kivuli, ana miguu miwili. Mama mdogo akamtazama kidogo, kisha akauweka mfuko ule kando, tule sisi nyumbani.