Swali la Macho ya Fundi

Duka la kompyuta lilipofunguliwa pale Buruburu, mimi ndiye niliyekuwa nimesoma kuliko watu wote wa ploti yetu, na nilihakikisha hakuna anayesahau. Ploti yenyewe ilikuwa mpakani, mtaa wa Umoja upande huu, mtaa wa Tena upande ule: vyumba vinavyotazamana, mfereji mmoja wa maji, choo kimoja, na foleni ya asubuhi ambayo mtu angeweza kuoa na kupata wajukuu ndani yake kabla hajaufikia mlango. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne katika shule ya usiku, ndevu zikiwa zimeshanijaa. Wenye wivu waliiita ngumbaru, kana kwamba tulikuwa wazee wanaokaririshwa a, e, i, o, u. Mimi niliwaambia kwamba karatasi ya kemia niliijibu mpaka msimamizi akanisihi niwabakizie wengine maswali.

Mwishoni mwa miaka ya tisini mtandao ulikuwa kitu cha kutembelewa, kama jamaa tajiri. Na katika huo mtandao niligundua tovuti moja ambayo kazi yake ilikuwa kujibu. Hukuandika neno moja ukaletewa rundo la kurasa ujitafutie. Uliandika swali zima kwa Kiingereza, na alama ya kuuliza mwishoni, kama unavyomwandikia mtu, nayo ikakupa jibu. Niliiuliza mwezi uko mbali kiasi gani, ikasema. Nikaipa hesabu ya kuzidisha yenye tarakimu zilizojipanga kama kunguni kwenye mshono wa godoro, ikaimeza na kutema jibu kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe. Simhesabu yule modemu, kidude cha kuunganisha mtandao kwa simu, ambaye kwanza alilia kama paka aliyebanwa na mlango, muda wa kuchemsha maharagwe yakaiva.

Nilirudi ploti nimevimba. Niliwaambia majirani kuna mashine Buruburu inayojua kila kitu isipokuwa siku yako ya kufa, na hiyo ni kwa sababu hujaiuliza vizuri. Watu walicheka. Mmoja hakucheka. Alikuwa ameketi kizingitini mwa chumba kilichopakana na changu, uso ameuelekeza kwenye sauti yangu, na pembeni kidogo ya mahali nilipokuwa nimesimama.

Huyo alikuwa fundi. Alitoka Ukambani, kazi yake kuchonga vinyago katika banda la wachongaji kule Pumwani, twiga na vifaru vya kuuziwa watalii. Kifaru chake kimoja alikileta nyumbani kukimalizia, na nakuapia mbwa wa mwenye ploti alikibwekea mpaka akapoteza sauti. Wiki chache kabla ya hayo ninayoyaeleza, kikundi chao kilikabidhi kazi kubwa, na wenzake wawili wakampitisha kwa mama pima mmoja, muuza pombe haramu wa bondeni, wateremshe vumbi la mbao kooni. Kinywaji cha siku hiyo kilikuwa kimechanganywa na spiriti ya viwandani. Wale wenzake wawili tuliwazika. Yeye aliamka asubuhi akamwuliza mkewe kwa nini hajafungua pazia. Pazia lilikuwa wazi. Jua lilikuwa limeingia hadi chini ya kitanda.

Hospitalini daktari alimmulika macho, akamgeuza kichwa huku na huku, akasema, "Tutaona."

"Nyinyi mtaona, daktari," fundi akamwambia. "Mimi je?"

Ni baada ya hapo nilipogundua jinsi Kiswahili chetu kilivyojaa macho. Ukitaka shauri la mtu unamwuliza, unaonaje? Ukiaga, tutaonana. Asiyetembelea wenzake anaambiwa siku hizi haonekani. Watu waliofika kumpa pole waliingia chumbani mwake na kigugumizi, wakiukwepa mdomo wao wenyewe kama mtaro wa maji machafu. Mama mmoja kutoka upande wa Nyeri, muuza viatu vya mitumba, alisimama mlangoni na bakuli la uji akasema, "Fundi, una... una... unasikiaje leo?"

"Nasikia vizuri, mama. Masikio hayakunywa."

Tulicheka, yeye wa kwanza. Lakini ndani ya nyumba ile kulikuwa na jambo lililokwama. Ikiwa macho yangerudi, fundi angengoja papa hapa. Wenzake walikuwa wamemwekea nafasi yake bandani, gogo lake la kukalia hakuna aliyeligusa. Ikiwa hayarudi, alitaka aichukue familia yake arudi kwao, akae mahali ambapo miguu yake inaijua njia bila msaada. Mkewe hakutaka hata kulisikia neno hilo. Kibanda chake cha nyanya na mboga za sukuma pale Tena ndicho kilichokuwa kinawalisha. Mtoto wao mkubwa alikuwa darasa la nane. Na huko nyumbani mvua ilikuwa imewapita misimu mfululizo. Kwa hiyo kila jioni nilisikia mabishano yao kupitia ukutani, sauti zikiwa chini, na kila jioni yaliishia palepale: daktari amesema tutaona, mchungaji amesema tuamini, hakuna aliyesema ndiyo wala la.

"Profesa," fundi aliniita siku moja. Ndilo jina alilonipa, na sikulikataa. "Hiyo kitu yako ya Buruburu inajua macho?"

"Fundi, macho ni nini? Inajua mwezi."

"Basi nipeleke. Lakini twende wote wawili. Sitaki kuletewa jibu likiwa limepoa."

Tulipatana Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Asubuhi yake mkewe alinikuta mferejini, akaufungua maji yaanguke kwa kelele ndani ya ndoo, akasogea karibu.

"Shemeji, mnaenda kuuliza ile mashine."

"Tunaenda."

"Inaandika kwa Kizungu?"

"Kizungu kitupu."

"Basi ni wewe utakayemsomea." Aliangalia ndoo ikijaa. "Wewe watu wote wanajua unavyotia chumvi. Ukinunua samaki mmoja, tukisikia kwako ni nyangumi. Sijawahi kukuomba kitu. Leo neno likiwa baya, tia chumvi."

"Shemeji..."

"Akijua hayarudi, tunaondoka. Na huko atakaa chini ya ukuta siku nzima akiwahesabu wale wawili mliowazika. Ninamjua. Hapa angalau anagombana na mimi."

Ndoo ilifurika. Aliiinua akaenda.

Tulitembea, mkono wake begani mwangu, nikimtangazia mitaro na mawe kama mtangazaji wa mpira. Dukani tulimkuta msichana wa zamu, anatafuna ubani, nywele amezisuka vizuri, ulimi wa mtaa.

"Niaje wazee. Mnatuma imeili?"

"Tunauliza swali," nikasema, kwa sauti ya mtu mwenye cheti.

Alitupa kiti na stuli. Paka wa modemu akabanwa na mlango muda wake wa kawaida, ukurasa ukafunguka, na mimi nikaandika kwa Kiingereza changu chote: spiriti hukaa machoni mwa mtu kwa muda gani kabla ya kutoka? Nikabonyeza. Tukangoja. Fundi alikuwa amekunja ngumi zote mbili juu ya magoti.

Jibu lilikuja refu. Nikalisoma kimya, nikalirudia, na masikio yakaanza kunichoma. Msichana alichungulia begani kwangu.

"Buda, imekupeleka kwa mapepo! Ona, inakuonyesha makanisa ya kuombea watu walioingiwa na roho chafu."

Ni kweli. Kwa Kiingereza roho na spiriti ni neno lile lile, na mashine ilikuwa imechagua ya rohoni badala ya chupani. Fundi alicheka mpaka mtu wa kompyuta ya pembeni akageuka.

"Kumbe hata hiyo imeokoka," akasema. "Mama mkwe wangu aliniambia hivyo hivyo, na yeye hakuhitaji umeme."

Ndipo ile kemia yangu iliponijia. Mwalimu wetu wa usiku, siku stima zilipopotea, alitufundisha gizani kwa sauti tu: kuna ethanoli, ile hulevya, kuna methanoli, ile hupofusha. Sisi tulipiga makofi gizani, tukidhani ni shairi. Nikafuta lile swali nikaandika jipya: Mtu aliyepofushwa na methanoli ataona tena?

Safari hii jibu lilikuwa fupi. Mistari mitatu. Nimesoma vitabu virefu maishani, vingine nimevimaliza, lakini sijawahi kusoma kitu kilichochukua muda mrefu kama ile mistari mitatu.

"Imesema?" fundi akauliza.

Nikatia chumvi. Mungu ni shahidi, niliitia kwa sepetu. Nilimwambia mashine inasema macho ni kama mmea, hunyauka na kuchipua. Nikaleta madaktari wa ng'ambo waliovaa miwani minene, nikaleta matone ya dawa, nikaleta mzee mmoja wa Urusi aliyekaa gizani mwaka mzima kisha akaamka akausoma muda kwenye saa ya ukutani. Nilimpa huyo mzee mke na mbuzi. Nilikuwa napanda, sauti inanoga, na nilivyozidi kusema ndivyo ngumi za fundi zilivyozidi kufunguka, kidole kimoja kimoja. Nikafurahi. Nikaongeza mbuzi mwingine.

Fundi aligeuza uso kuelekea upande ambako ubani ulikuwa unatafunwa.

"Msichana wangu. Hiyo mashine imeandika mistari mingapi?"

Yeye hakujua lolote kutuhusu. Aliangalia kioo.

"Mitatu, mzee."

Fundi alinitafuta goti kwa mkono wake, akalipata, akalishika.

"Mbuzi wote hao wameingia katika mistari mitatu, Profesa?"

Niliitazama ile mistari, nikaihesabu upya.

"Ni mama watoto amekutuma."

"Ndiyo."

"Haya. Sasa nisomee ya mashine. Usiruke na usiongeze."

Nikamsomea. Mstari wa kwanza ulisema sumu hiyo huua mshipa unaopeleka kile jicho linachokiona hadi kwenye ubongo. Wa pili ukasema mgonjwa akitibiwa mapema, saa za kwanza, kuona kunaweza kurudi. Wa tatu ukasema upofu unaobaki baada ya wiki kadhaa mara nyingi ni wa kudumu.

"Rudia wa tatu."

Nikaurudia.

"Imesema mara nyingi. Haikusema kila mara."

"Imesema mara nyingi."

"Iulize hao wa mara chache ni akina nani."

Niliandika. Mashine ikafikiri, kisha ikajibu kwamba haikulielewa swali, nijaribu kuliuliza kwa maneno mengine. Nikajaribu kwa maneno mengine. Ikatuletea tangazo la duka la miwani. Nilianza kulipanga la tatu, lakini fundi alinishika mkono juu ya vitufe.

"Wacha. Imefanya kazi yake. Hospitali yote, na madaktari wake, na kanisa lote, hakuna aliyeniambia. Hii haina mdomo na imeniambia."

Msichana alikuwa ameacha kutafuna. Alisema, "Pole sana, mzee," na alipotufungulia mlango alimshika kiwiko mpaka mwisho wa ngazi.

Njia ya kurudi sikutangaza chochote zaidi ya mitaro. Jua lilikuwa kali, watoto wanafukuzana na tairi, kanda za injili zinalia kwenye duka la redio. Karibu na Tena fundi alisema ile habari ya mzee wa Urusi ilikuwa nzuri, ila ningempa ng'ombe, kwa sababu kipofu hawezi kukimbizana na mbuzi. Nilijaribu kucheka. Kilichotoka hakikuwa kicheko.

Mkewe alituona tukiwa mbali. Alikuwa anampimia mteja sukuma, na alizishika zile sukuma hewani mpaka tukafika.

"Shemeji," akaniambia mimi, si yeye. "Umemsomea nini?"

"Nilivyoandikiwa."

"Nilikuomba kitu kimoja."

"Usimgombeze," fundi akasema. "Alidanganya vizuri sana. Ni mashine iliyoandika kwa kifupi."

Mkewe aliziweka sukuma chini. Mteja akaona hapa si mahali pa kudai chenji, akasogea kando kidogo.

"Kwa hiyo unataka twende," mkewe akasema.

"Twende."

"Mwezi huu?"

"Ndiyo."

"Na kijana? Umtoe darasa la nane, akakae na wewe chini ya ukuta?"

Fundi alipapasa ukingo wa kibanda, akaufuata kwa vidole mpaka kwenye nyanya, akaiondoa mikono.

"Afanye mtihani kwanza," akasema.

"Afanye mtihani kwanza. Halafu sitabishana."

"Hutabishana?"

"Nimechoka kubishana kupitia ukuta wa watu." Aliniangalia nilivyosimama pale na cheti changu. "Baada ya mtihani."

"Baada ya mtihani."

Alirudi kwa mteja wake, akamfungia sukuma kwenye gazeti, mikono ikienda haraka kuliko kawaida. Mimi nilidhani tumemaliza, nikamgeuza fundi bega tuelekee ploti. Hakusogea. Akaniuliza kama jua bado liko juu, nikamwambia liko juu. Akasema basi twende Pumwani sasa hivi, kabla wenzake hawajafunga banda, awaambie lile gogo lake wampe mtu mwingine alikalie.