Ndoo ya Baba Mkwe

Miaka ile maduka ya dawa yaliota Tukuyu kama uyoga, na mume wangu aliingia karibu kila moja kumtafutia baba yake kidonge. Huku wakampa cha kichocho, kule cha baridi. Mzee akaendelea kuamka usiku kwenda haja ndogo, na mume wangu akaendelea kusema ni uzee. Angejuaje? Siku za kazi alikuwa Mbeya, na akiwa nyumbani alilala fofofo.

Mimi nilijua. Kila komeo la mzee lilipolia nilikuwa macho. Lakini mimi ni mkwe, tena wa kuja, mwalimu niliyepangiwa huku kutoka Tanga, na kwa mila za huku mkwe wa kike hakutani na baba mkwe wake wala hasemi naye. Njia fupi ya chooni ilipita chini ya dirisha langu, kwa hiyo mzee alizungukia migombani, gizani, kwenye utelezi. Alishaanguka huko. Nami nasikia yote, mdomo nimeufumba. Mila ile ilinichosha jamani.

Mwishowe tukampeleka hospitalini. Daktari aliuliza, "Mkojo ndio unaomwamsha, au huwa ameshaamka ndipo anakwenda?"

Nikamsikia mume wangu akijibu kwamba ni uzee tu. Mimi nilikuwa nimekaa nje ya mlango, uvumilivu ukanishinda, nikampazia mume wangu sauti, "Mwambie daktari mkojo ndio unamwamsha. Tena akirudi tu kitandani, unambana upya."

Daktari akaeleza kwamba kuamka mara moja si ajabu, ila mkojo ukikukatiza usingizi tena na tena, usisingizie baridi: yaweza kuwa tezi dume, yaweza kuwa sukari. Akaagiza vipimo. Mpaka majibu yatoke mzee asitoke nje usiku, awekewe ndoo chumbani.

Mzee alimuuliza mwanawe jambo moja tu. "Na wewe ukienda Mbeya, ndoo atamwaga nani?"

Nyumbani nilikuwa nabaki mimi, mkwe wake.

Jumatatu mume wangu akaondoka. Usiku mvua ilinyesha, na komeo likalia kama kawaida. Asubuhi niliikuta ndoo nje ya mlango wa mzee, haijatumika, ndani yake kaweka viatu vyake vimejaa tope. Alitoka mvuani ili mkwewe asimwage mkojo wake.

Nililia kwa hasira. Kisha nikaviosha.