Sindano Haikupanda

Baba yangu aliitwa Fundi Taratibu, na jina hilo alipewa na wateja waliochoka kumsubiri. Ukimpelekea gari kwa ajili ya plagi tu, atakukagulia na breki, atakaza boliti ambazo hukumwomba azikaze, kisha atawasha, atazima, atawasha tena, na wewe umekaa juu ya tairi kuukuu unatazama saa.

"Fundi, si umeshamaliza?"

"Nimemaliza. Sasa nahakikisha."

Walimtania, wakanung'unika, na bado walirudi kwake, kwa sababu gari lililotoka mikononi mwa baba halikurudi na ugonjwa uleule.

Ndugu yake wa pekee, Baba Mdogo, alikuwa dereva. Walipishana miaka kumi na miwili. Babu alifariki Baba Mdogo akiwa bado anabebwa mgongoni, kwa hiyo aliyemfunga viatu vya shule, aliyemchapa kwa utoro na aliyemfundisha kushika usukani alikuwa baba. Walipopata pikapu yao moja kuukuu waligawana kazi bila kuandikishana: baba anaitengeneza, Baba Mdogo anaiendesha. Ilibeba mbao, vitanda, saruji, na mara moja ilimbeba bibi harusi ambaye gari lake la kifahari liliharibika njiani. Baba Mdogo alikisimulia kisa hicho kila alipokwenda, na kila aliposimulia, yule bibi harusi aliongezeka uzito.

Siku iliyotuvunja ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Bibi, mama yao, alikuwa akiumwa moyo muda mrefu, na asubuhi hiyo pumzi zilianza kumpaa. Baba alikuwa gereji na injini ya mtu iko chini. Akampigia mdogo wake simu: mwahishe hospitali kubwa, mimi nitawafuata nikishafunga injini hii. Ni mwendo wa saa moja na nusu. Mama yangu akapanda nao, akamkumbatia Bibi kifuani.

Katikati ya safari, kwenye mlima, mahali simu haipati mtandao, injini ilikohoa, mvuke mweupe ukafuka chini ya boneti, ikazima. Karibu saa mbili zilipita kabla hawajapata msaada. Mama alimpepea Bibi kwa kipande cha boksi. Baba Mdogo alivua shati akawa anakimbia huku na huku barabarani akilipunga, na magari yanampita. Lori la mchanga lilipowachukua, Bibi alikuwa hazungumzi tena. Alifariki alfajiri ya siku iliyofuata. Daktari alisema moyo ulikuwa umechoka mno, huenda hata wangefika mapema isingebadilisha kitu. Baba alilishika lile neno "huenda" na mengine yote hakuyasikia.

Pikapu ilivutwa mpaka nyumbani. Baba akaifungua boneti uani, msiba ukiwa bado haujaanuliwa. Rejeta, tangi la maji ya kupoza injini, ilikuwa kavu. Pampu ya maji ilikuwa imevuja. Silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, ilikuwa imepinda kwa joto. Akamgeukia mdogo wake.

"Sindano ya temperecha pale kwenye dashibodi ilikuwa wapi?"

"Chini, kaka. Haikupanda."

"Pampu inavuja kidogo kidogo. Kabla maji hayajaisha sindano lazima ipande. Nakuuliza tena, ilikuwa wapi?"

"Nakuapia kwa mama aliyelala ndani humo, haikupanda."

"Usimwapie yeye. Ungekuwa na macho, angekuwa hai."

Palikuwa na watu kama arobaini pale uani. Mama aliulizwa, akasema macho yake yalikuwa kwa Bibi tu, hakuitazama dashibodi hata mara moja. Baba Mdogo alishika koleo makaburini kama wanaume wengine, akafukia, akanawa mikono, na siku ya tatu akaondoka na mkoba mmoja. Tulikuja kusikia kwamba hakuendesha gari tena. Baba naye aliifunika pikapu kwa turubai nyuma ya nyumba, na kwa miaka sita jina la mdogo wake halikutajwa mezani kwetu. Mama ndiye aliyekuwa akipata habari zake chinichini, akiniambia jikoni kwa sauti ya chini huku akiunga mboga: ameoa, ana mtoto wa kike, anapiga pasi kwenye duka la dobi.

Mimi nilipofungua duka la chakula cha kuku nilikwama kwenye usafiri. Siku moja nikajikaza.

"Baba, ile pikapu inaozea bure pale nyuma."

Wiki nzima alitoka kwenda gereji bila kulitazama turubai. Jumapili iliyofuata nikasikia turubai likiburutwa.

Aliitengeneza kwa miezi mitatu, jioni baada ya kazi zake. Silinda hedi ikapelekwa kusawazishwa, gasketi ikawekwa mpya, pampu ikabadilishwa, rejeta ikazibuliwa mpaka maji yakapita meupe. Thermostati, kilango cha maji ndani ya injini, aliichemsha kwenye sufuria ya mama ili aone kama inafunguka. Ilifunguka vizuri, ila mama alisema sufuria hiyo sasa ni ya gereji na yeye anataka nyingine. Baba alicheka. Nilikuwa sijamwona akicheka akiwa karibu na gari lile.

Kisha ikaja Jumamosi ya kuiwasha. Mimi nilikaa kwenye usukani, yeye akasimama mbele, boneti juu. Iliwaka kwa shida, ikatulia. Tukaiacha ingurume.

"Sindano?"

"Chini, baba."

Tukasubiri. Alishika bomba la mpira la juu ya rejeta, akauondoa mkono haraka. Maji yalikuwa ya moto kweli.

"Sindano?"

"Bado chini."

"Tazama vizuri, mwanangu."

"Natazama, baba. Haijasogea."

Nilimwona kupitia upenyo chini ya boneti, mikono yake imesimama hewani. Kisha akasema, "Zima."

Alianza kutafuta kwa utaratibu wake. Aliuchomoa waya kwenye sensa, kile kidude cha shaba kinachopima joto la maji, akaniambia nifungulie ufunguo bila kuwasha, akaugusisha ule waya kwenye chuma cha injini. Sindano ikaruka mpaka mwisho. Maana yake geji ya kwenye dashibodi ilikuwa nzima na waya ulikuwa mzima. "Basi ni sensa imekufa," akasema, na nikasikia ahueni katika sauti yake, kwa sababu sensa ikifa, imekufa yenyewe, haina mtu wa kumlaumu.

Injini ilipopoa aliifungua sensa kwa spana. Niliteremka nikaenda kusimama kando yake. Thredi zake, pale inapokazwa kwenye injini, zilikuwa zimezungushiwa tepu nyeupe, ile ya mafundi bomba ya kuzuia kuvuja. Ilikuwa imezungushwa vizuri sana, mzunguko juu ya mzunguko, nene kama bandeji ya kidole.

"Nani aliweka hii?" nikauliza.

Aliigeuzageuza kwenye mwanga. Hatimaye akanieleza, polepole, kama anayemsomea mtu barua. Sensa ya gari lile ina waya mmoja tu. Umeme unaingia kwa waya huo na unarudi kupitia thredi zake, chuma kikigusa chuma. Ukizifunika kwa tepu nene namna ile, chuma hakigusi chuma. Sindano inabaki chini hata maji yakichemka.

Aliibandua tepu, akairudisha sensa kavu, tukawasha. Injini ilipopata moto, sindano ikapanda, ikasimama katikati, mahali pake. Akazima, akasubiri ipoe, akaizungushia tepu nyingine nene, akairudisha. Sindano ikalala chini. Akaitoa tena, akaisafisha, akairudisha. Sindano ikapanda. Mara tatu alifanya hivyo, mchana kutwa, maji ya rejeta yakimmwagikia viatuni, na mimi nilijua anatafuta nini. Alikuwa akitafuta mara moja tu ambayo ingemkatalia.

Haikumkatalia. Akaketi chini, mgongo kwenye tairi.

"Ni mimi," alisema. "Sensa ilikuwa inavujisha maji, nikabadilisha. Sikutaka ya pili ivuje, ndiyo nikaizungushia sana. Nilikuwa naikaza, jirani akaja mbio kusema Bibi yako ameanguka bafuni. Nikatupa spana nikakimbia. Sikuwasha. Sikuhakikisha." Akaokota ile tepu chini. "Wiki iliyofuata mdogo wangu akaniambia, kaka, siku hizi injini inapoa ajabu, sindano haipandi kabisa. Nikamwambia, umeona kazi ya fundi?"

Nilikaa naye pale chini.

Siku mbili baadaye tulikwenda, yeye na mimi. Hakutaka kupiga simu kwanza. Pikapu aliitilia sensa mpya; ile ya zamani aliiviringisha kwenye leso akaitia mfukoni. Duka la dobi lilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu, mashati yamening'inia mpaka darini, na joto la pasi linakupokea mlangoni. Baba Mdogo alikuwa ameota mvi. Alimwona kaka yake, akaisimamisha pasi wima kwa uangalifu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Baba akatoa leso, akaifungua juu ya meza, kati ya kola za watu. "Mdogo wangu, sindano haikupanda. Ulisema kweli. Nilifunga sensa vibaya, kwa mkono wangu huu. Nimekuja kukwambia."

Baba Mdogo hakuigusa sensa. Aliitazama kama mtu anayeonyeshwa picha ya mtu asiyemfahamu.

"Unasema haikupanda."

"Haikuweza kupanda."

"Kaka, mimi nilishakubali." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililonikata maini. "Mwaka wa kwanza nilijua kabisa ilikuwa chini. Mwaka wa pili nikaanza kujiuliza, labda sikutazama. Kaka yangu hakosei kwenye gari, mimi ndiye nimekosea. Baadaye nikaanza kuiona. Nikifumba macho naiona, iko kwenye nyekundu, na mimi naitazama na napita. Kila siku naiona. Nimemwambia mke wangu niliiona. Mwanangu akikua ningemwambia niliiona." Akapangusa paji la uso kwa kiganja. "Sasa unaniambia haikuwepo. Niitoe vipi kichwani?"

Baba alipiga magoti. Mzee wa miaka sitini na minne, kwenye sakafu ya saruji, mbele ya mteja aliyekuwa akiingia na suruali mkononi. Yule mteja alirudi nje kimya kimya.

"Inuka, kaka. Utanifukuzisha kazi."

"Nisamehe."

"Inuka kwanza."

Baba aliinuka kwa kushika ukingo wa meza. Alimwambia pikapu imepona, ni yake, aje aichukue. Baba Mdogo akatikisa kichwa. "Gari silitaki. Na msamaha, siwezi kukudanganya kwamba ninao hapa karibu. Nipe muda." Akaishika pasi. "Mna njaa? Mke wangu yuko nyumbani, atawapikia."

Hatukula. Tulirudi, sensa tumeiacha pale mezani, na njia nzima baba alishikilia leso tupu.

Mwezi uliofuata aliwaita ndugu, majirani, wote aliokumbuka kwamba walikuwepo siku ile ya msiba, akasimama uani akawaeleza kila kitu: tepu, thredi, sindano, maneno aliyoyasema. Hakujitetea hata kwa sentensi moja. Binamu yake mmoja akasema, basi mzee, hayo yameshapita.

"Hayajapita," baba alisema. "Mwenyewe hayupo hapa."

Tangu hapo alipunguza kazi. Wateja walidhani ni uzee. Gari dogo tu lilimchukua siku nzima, na mara nyingine nilimkuta amesimama mbele ya injini iliyokwisha kupona, anawasha na kuzima.

Baba Mdogo alikuja miezi mitano baadaye, bila kutoa taarifa. Alifikia dukani kwangu, si nyumbani, akaniomba nimpeleke kwenye kaburi la Bibi. Nilikuwa na pikapu tu. Nilimfungulia mlango wa mbele. Aliutazama ule mlango, akasema, "Hapana, mwanangu," akapanda nyuma, akaketi juu ya magunia ya chakula cha kuku. Niliendesha polepole mno.

Makaburini alikaa karibu saa nzima. Kisha akaomba apite nyumbani. Baba alimletea kiti, akamletea chai mwenyewe, wakazungumza juu ya mvua, juu ya mtoto aliyeanza shule. Chai ya baba ilimwagika kwenye sahani, na mdogo wake akatazama pembeni ili asimwaibishe. Walipoagana, Baba Mdogo alimpa mkono. Baba aliushika kwa mikono yake miwili, kwa muda, mpaka ikabidi mwenzake auchomoe.

Alipokwisha kupanda basi na kuondoka, baba aliniuliza, "Alisema nini kule kaburini?"

"Hakusema kitu, baba. Alikuwa aking'oa majani."

"Yalikuwa mengi?"

"Mengi."

Akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba chake. Baba Mdogo hakuja tena mwaka ule. Simu za baba huzipokea, hujibu kwa heshima, na hazizidi dakika mbili.